Bahari Niipitayo Kila Siku Siioni

Katika toleo lililopita ukurasa huu uliwaomba wasomaji watuandikie kuhusu kitu kimoja kizuri cha maumbile walichokiona ndani ya wiki moja, kiwe karibu na nyumbani, kisiwe cha safari wala cha gharama. Wengi waliandika kuhusu machweo, kama tulivyotarajia, na mmoja aliandika kurasa mbili kuhusu paka wake, naye tunamshukuru. Barua tatu hazikujibu swali letu bali zilikuja na maswali yake, na hizo ndizo tunazozijibu leo.

SWALI

Assalaamu alaykum. Mimi ni mama wa watoto wawili, umri wangu ni miaka 36, ninaishi ghorofa ya tano katika majumba ya Michenzani na ninafanya kazi ya hesabu katika ofisi moja ya mjini. Nilizaliwa na kulelewa Makangale, Pemba, ambako bibi yangu alikuwa akijua maji yatakupwa saa ngapi bila ya saa wala redio. Kila siku ninapita Forodhani mara mbili, asubuhi na alasiri. Nawakuta wageni wamesimama ukingoni wanaitazama bahari kama watu walioletewa habari njema, nami nimebeba mkoba na mfuko wa samaki, napita. Najua tu kwamba ipo. Mlipotoa lile ombi lenu nilijaribu: nilisimama dakika tano nzima, nikaikodolea macho, na nilichokiona ni ada ya skuli, umeme unaokaribia kwisha na homa ya mdogo. Je, huku ni kukosa shukurani? Au uzuri una watu wake wenye nafasi, nasi wengine tusubiri mpaka tustaafu?

Mama wa Michenzani

JIBU

Waalaykumu salaam, mwanangu. Nianze na hilo la shukurani, tulimalize. Mgeni unayemwona Forodhani ana siku kumi, hana nguo za kufua, na bahari ya namna ile huenda hajaiona tangu azaliwe. Mweke Michenzani kwa miaka minane na watoto wawili, kisha tumwulize. Jicho la binadamu limeumbwa lizoee. Lisingezoea tusingeweza kuvuka barabara ya Darajani bila ya kusimama kila hatua tukistaajabia matunda, na magari yangetumaliza. Kwa hiyo usijipige kifua. Lakini sikubaliani nawe kwamba usubiri kustaafu, na sababu yangu imo ndani ya barua yako mwenyewe, pale ulipomtaja bibi yako.

Sidhani kama bibi yako alikuwa akisimama ukingoni kuistaajabia bahari. Alikuwa na haja nayo. Mwanamke anayekwenda kuchokoa pweza au kuokota kombe sharti ajue bamvua ni lini na maji mafu ni lini, kwa sababu maji mafu hayatoki mbali na miamba yenye pweza haifunuki. Na sharti ajue maji yanaporudi, kwa kuwa bahari haimsubiri mtu aliyeinama. Aliutazama mwezi kwa sababu mwezi ulikuwa ratiba yake ya kazi. Alizinusa pepo kwa sababu kusi na kaskazi ndizo zilizoamua kama mumewe angetoka au angelala nyumbani. Jicho lake lilikuwa na kazi, na uzuri ulimjia akiwa kazini, kama harufu ya viungo inavyomjia mpishi. Sisi wa mjini tumeondolewa haja hizo karibu zote. Sina kinyongo na mji kwa hilo, maana nimeteka maji ya kisima utotoni na siutamani utoto huo urudi. Lakini haja zilipoondoka, jicho liliachishwa kazi pamoja nazo, nawe siku ile uliliamuru litazame bila ya kuliambia litazame nini. Likakurudia na ada ya skuli. Ndiyo kazi pekee lililokuwa nayo.

Basi lipe kazi nyingine, ndogo, tena iliyo njiani mwako. Ukipita Forodhani asubuhi, usiitazame bahari yote, utazame ukuta. Juu kidogo ya maji, jiwe la ukuta ama ni bichi ama ni kavu. Likiwa bichi, maji yalikuwa juu zaidi muda mfupi uliopita, kwa hiyo yanatoka. Likiwa kavu, maji bado hayajafika hapo, kwa hiyo yanaingia. Siku bahari ikichafuka mawimbi yatakuharibia hesabu, lakini siku nyingi ishara hiyo haidanganyi. Kila siku maji hujaa na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50, kwa sababu mwezi nao huchelewa kiasi hicho. Hapa kwetu, siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, ambazo ndizo siku za bamvua, maji hukauka kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kujaa alasiri, na tofauti ya juu na chini yaweza kukaribia mita nne, urefu wa chumba na zaidi. Kwa hiyo ukipita saa moja na nusu asubuhi siku ya mwezi mwandamo utaukuta ukuta mbichi, na wiki moja baadaye, saa ile ile, utaukuta mkavu. Swali lenyewe ni la nukta tatu tu: maji yanatoka au yanaingia? Jibu utakuwa nalo kabla hujafika penye Mtini wa Mizingani, na baada ya mwezi mmoja nakuahidi utaanza kulijua kabla hujaufikia ukuta. Siku hiyo utakuwa umemrithi bibi yako kitu ambacho hakimo katika mirathi.

Nimekwambia kwa kirefu kuhusu maji kwa sababu ndiyo uliyoyauliza, lakini hata huko juu ghorofani una vyombo viwili ambavyo wataalamu wa hali ya hewa wangevitamani. Cha kwanza ni kamba ya nguo. Kanga iliyoanikwa kwenye roshani ni bendera ya upepo: wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi karibu Machi, itapeperukia kusini, na kusi ikishika, itapeperukia kaskazini kwa miezi kadhaa mfululizo. Katikati kuna zile wiki za tanga mbili, ambapo haijui ielekee wapi, inapinda huku na huku kama mtu anayetafuta viatu vyake mlangoni mwa msikiti baada ya sala ya Ijumaa. Upepo huo huo ndio uliokuwa ukivileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi na kuvirudisha. Sisemi ufikirie historia kila ukianua nguo, nasema mwulize mwanao mkubwa, kila asubuhi, "Upepo wa leo unatoka wapi?" na umwache akimbilie roshani.

Cha pili ni jua lenyewe. Sisi tuko nyuzi sita hivi kusini ya ikweta, na jambo hilo lina raha yake ambayo watu wa nchi za mbali hawaipati. Jua letu halikai upande mmoja. Katikati ya mwaka hupita kaskazini yetu na mwisho wa mwaka hupita kusini yetu, kwa hiyo kama roshani yako inaelekea kaskazini, jua litaingia ndani Juni na Julai, likafika labda hadi miguuni mwa kabati, na ikifika Disemba halitakanyaga kabisa. Na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena katika siku za kwanza za Oktoba zinapomalizika, hupita utosini hasa: toka nje wakati wa adhuhuri ukatafute kivuli cha nguzo, hutakiona. Mara ya kwanza mimi kuligundua hili nilikuwa na umri wa miaka 50 na ushei. Nilikuwa nimesimama kwenye kituo cha daladala nikitafuta kivuli cha kujisetiri, nikakikosa, na badala ya kukasirika nikacheka peke yangu hata kondakta akaniuliza kuna nini.

Nikuonye na kosa langu pia. Miaka mingi iliyopita nilinunua daftari zuri, lenye jalada gumu, la kuandikia kila kizuri nitakachokiona, kila siku, bila ya kukosa. Ilipofika siku ya tisa ukurasa ulisomeka: "Ndege. Vitunguu maji kilo 2. Mafuta ya taa." Nilikuwa nimeligeuza kuwa deni jingine. Kwa hiyo sikuandikii ratiba. Chagua kimoja kati ya hivi, ama kingine unachokipenda wewe: mkungu ulio njiani mwako, ambao majani yake hugeuka mekundu kabla ya kupukutika, au asumini ya jirani, ambayo huchumwa ingali vitumba alasiri ili ifunuke usiku. Kiwe kimoja na ukirudie. Wengi wetu huisoma sura ya Al-Mulk kabla ya kulala, na humo msomaji anaambiwa alirudishe jicho mbinguni aone kama ipo kasoro, kisha alirudishe tena na tena. Kutazama mara moja hakukutosheleza hata huko.

Ada ya skuli haitaondoka, na sitakuongopea kwamba ukuta mbichi utailipa. Lakini katika sala tunajua tofauti ya mtu aliyesimama na moyo wake umehudhuria, na aliyesimama huku moyo wake uko sokoni. Moyo hauhudhurii kwa kukemewa. Huja ukipewa kitu cha kushika. Ndani ya nukta zile tatu, ada haina nafasi, kwa sababu wewe unatafuta alama ya maji kwenye jiwe. Zikifuatiwa na nyingine tatu, alhamdulillahi.

SWALI

Mimi ni baba, mkaazi wa Nungwi. Kijana wangu wa miaka 17 kila magharibi yuko pwani na simu, anapiga picha za machweo, mia kwa mia, halafu anainama kuzitazama wakati jua lenyewe bado halijazama. Mimi nasema simu imemfunga macho. Yeye anasema yeye ndiye anayetazama na mimi ndiye niliyekaa barazani nimelipa jua mgongo. Nani mwenye haki?

Baba wa Nungwi

JIBU

Bwana, kijana amekushika pabaya, na nadhani ulijua hivyo ulipokuwa ukiandika, maana ungeweza kukiacha kisa cha barazani.

Simu usimnyang'anye. Mpe nayo kazi, kama nilivyomwambia mama wa Michenzani. Mwambie asimame mahali pamoja, kila Ijumaa, mgongo wake kwenye mnazi ule ule, apige picha moja tu jua linapogusa maji, na ziada zote azifute. Pale kwenu upeo wa magharibi uko wazi, kwa hiyo picha zake zitamwonyesha kitu ambacho picha mia za jioni moja haziwezi kukionyesha: jua halizami mahali pamoja. Mwezi wa Juni huzama mbali upande wa kaskazini ya magharibi. Disemba limekwisha sogea kusini, upande wa Tumbatu. Na safari nzima kati ya miisho hiyo miwili ni karibu nyuzi 47, yaani zaidi ya nusu ya pembe mraba. Atagundua pia kwamba mnamo Machi na Septemba husogea kwa haraka, na likikaribia mwisho wa safari yake huonekana kama limesimama. Mafundi wa majahazi walio pwani kwenu wakimwona anafanya hivyo huenda wakamweleza mengi ambayo mimi siyajui.

Na wewe, geuza kiti.

SWALI

Umri wangu ni miaka 71. Macho yangu yaliharibika kwa presha ya macho, na huu ni mwaka wa sita sasa naona mwanga na giza tu. Mjukuu wangu wa kike ndiye anayenisomea jarida lenu, na ndiye anayeandika barua hii. Alipofika penye ombi lenu, la kitu kizuri mlichokiona, alinyamaza, akataka kuruka ukurasa. Nikamwambia soma.

Shamba langu liko nje kidogo ya Chake Chake. Msimu wa karafuu, baada ya kuchambua na kuondoa makonyo, watu wananiita niseme zimekauka au bado, kwa sababu nikizishika tu najua: za siku ya kwanza zinapinda, zilizokwisha kukauka zinavunjika na kutoa sauti. Harufu nayo hubadilika kila siku zikiwa juu ya jamvi. Magharibi nawasikia popo wakitoka, na usiku wanagombana juu ya mwembe kama watu wa mnadani. Mvua ikija najua imefika wapi: kwanza inaupiga mshelisheli wa jirani, kisha migomba, kisha bati letu. Haya nilikuwa nikiyasikia hata nilipokuwa na macho, lakini nilikuwa siyasikilizi. Swali langu ni hili: hiki ndicho mnachokikusudia, au ni kujipa moyo tu kwa mtu aliyekosa?

Mzee wa Chake Chake

JIBU

Shikamoo, mzee wangu. Kwanza tupokee makosa yetu. Tuliandika "mlichokiona" bila ya kufikiri, na mjukuu wako ametupita adabu alipoona haya kwa niaba yetu. Toleo hili tungeliandika upya sentensi ile.

Hiki ndicho tunachokikusudia, na barua yako imekifikia kuliko nyingi zilizoandikwa na wenye macho. Wasomaji wengi walituambia machweo yalikuwa mazuri. Wewe umetuambia mvua imepita wapi kabla ya kufika kwako, kituo kwa kituo. Nimezungumza hapo juu kuhusu jicho lililoachishwa kazi. Kwako sikio na vidole vimepandishwa cheo, na kama huko ni kujipa moyo, basi ni moyo uliojipa kwa kazi halali. Wenzako hawakuiti kwenye majamvi kwa kukuhurumia. Karafuu ikiuzwa mbichi hasara ni ya wote.

Kuhusu popo nikuongezee kidogo, na mjukuu naye afaidike. Popo hao wakubwa ni wa Pemba peke yake. Hawapatikani kwa asili mahali pengine popote duniani, na mbawa zao zikikunjuliwa hufika kiasi cha mita moja na nusu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamewindwa kwa kitoweo hata wakakaribia kwisha kabisa. Walipohifadhiwa, Kidike na kwengineko, na wenyeji wa vijiji wakakubali kuwalinda, wakaongezeka tena hadi kufikia maelfu mengi. Kwa hiyo mnada unaousikia juu ya mwembe wako ni sauti ambayo kidogo tu ingetoweka. Maembe wanayokula hawali bure, maana husambaza mbegu za miti mingi ya msituni wanaporuka. Ingawa najua kwamba mwenye mwembe ana maoni yake kuhusu hilo, nami simlaumu.

Mzee, Waarabu waliiita Pemba Kisiwa cha Kijani, na jina hilo lilitolewa na watu waliokuwa wakiitazama kutoka baharini. Sijui kama wamewahi kuuliza kisiwa hicho kinasikikaje. Mimi nilikulia Unguja karibu na minazi, na mpaka leo upepo ukipita kwenye makuti huwa nadhani mvua imeanza, natoka kuanua nguo, nakuta kukavu. Mvinje nao hunidanganya kuwa ni bahari. Dudumizi ndiye pekee ninayemwamini kidogo, maana wazee walisema akilia mvua i karibu, ingawa naye amewahi kuniaibisha mbele ya wageni. Baada ya kuisoma barua yako nilikaa barazani jioni mbili nimefumba macho, nikagundua kwamba sikio langu linajua sauti tatu tu: bati, makuti na kunguru. Kunguru wenyewe ni wageni, waliletwa kutoka India miaka ya 1890, na kwa makelele yao mtu angedhani wamerithi kisiwa.

Nina ombi moja. Umetaja mshelisheli, migomba na bati. Hukuutaja mkarafuu, mti ambao bila ya shaka umekaa chini yake umri wako wote. Mvua ikiupiga mkarafuu hutoa sauti gani? Jirani yangu anao mmoja, nimekwenda kusimama chini yake mara mbili wiki hii, lakini mvua haikunyesha. Mwambie mjukuu atuandikie, nasi tutaichapa barua yake mahali hapa hapa.